Nyumba Isiyofukizwa Udi

Bi Ghaniya aliporudi Ibra kutoka hospitalini Maskati, sehemu ya juu ya pafu lake la kulia ikiwa imeondolewa, alikuta chetezo chake kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa juu ya kabati la stoo. Aliyekifunga ni Masika, mwanamke wa Pangani anayemsaidia kazi za nyumbani. Daktari alikuwa amekataza moshi wa kila aina: sigara, makaa, ubani, udi. Bi Ghaniya, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika sigara, hakubisha.

Jambo ambalo halikumpitikia mtu ni namna wageni watakavyoondoka.

Nyumba za huko zina taratibu zake. Mgeni hupewa matunda, halwa na kahawa, na mwisho hupitishiwa chetezo. Hujifukiza nguo, hushukuru, huinuka. Baada ya udi hakuna kukaa, ndivyo wasemavyo. Kabla ya udi nako hakuna kuondoka, kwani anayeinuka mapema huonekana amenuna.

Na wageni walikuwa wengi. Bi Ghaniya ni mzaliwa wa Malindi, Unguja. Alikuja Omani akiwa msichana, akasomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana mpaka akastaafu. Nusu ya wanawake wa mtaa wamepita mkononi mwake, na mwanafunzi hata akiwa na wajukuu hatoki mbele ya mwalimu bila ya ruhusa.

"Ma tshufi sharr, mwalimu," walimwambia, usione shari, wakaketi. Wakala, wakanywa, wakangoja. Magharibi ikaadhiniwa, wakaswali kwa zamu chumba cha pili, wakarudi, wakangoja tena. Kimya kilipoingia Bi Ghaniya alikiona aibu. Akauliza: na goti la mama yako vipi? Na nyumba mmeshaipaua? Kila swali lilimgharimu pumzi, na kila jibu lilikuwa refu.

Siku moja alimwona mwanafunzi wake wa zamani akitupa jicho kwenye pembe kilipokuwa kikikaa chetezo, kisha mlangoni, kisha kwenye pembe tena. Ndipo alipofahamu. Akacheka, na mshono ukamchoma hata akashika ubavu.

"Masika," alisema walipokwisha kuondoka, "hawa hawakai kwa kunipenda. Wamekwama."

"Hata mie nimekwama, bibi. Vile vikombe nimevisuuza mpaka vimenizoea."

Walijaribu mrashi wa maji ya waridi. Wageni walikinga viganja, wakajipaka, wakashukuru, wakajiegemeza vizuri zaidi kwenye mito, maana nyumba inayotoa marashi haikosi kutoa udi. Walijaribu chombo cha hospitali chenye vijipira vitatu, ambacho mgonjwa hukivuta pumzi ili vijipira vipande juu, wageni waone kwamba ni saa ya tiba. Bi Ghaniya alipovuta, chumba kizima kikamshangilia. Kijipira cha pili kilipopanda wakaomba arudie.

Binti yake, Taghreed, anayefanya kazi Sur, alikuja mwisho wa wiki akakasirika. "Mama, tufunge geti. Watu hawa wanakumaliza."

"Geti langu halijapata kufungiwa mtu."

Wiki hiyo wakaenda kwa daktari. Upasuaji ulikuwa umeutoa uvimbe wote ulioonekana, lakini saratani ilikutwa pia katika tezi mbili za limfu karibu na pafu. Kwa hiyo dawa ya dripu ilikuwa lazima ifuate, kuwinda kilichobaki kisichoonekana. Daktari Wiam alimpandisha kwenye mizani, akaitazama karatasi ya damu.

"Umepungua tena. Unalala?"

"Nna wageni, daktari."

"Kwa hali hii siwezi kukuanzisha dawa. Nakupa wiki mbili ule na upumzike. Tukizidi kuchelewa, tunaupa ugonjwa nafasi."

Njia nzima hadi Ibra Bi Ghaniya aliyapima maneno hayo. Kufa kwa saratani, kama Mungu amepanga, alikuwa ameshakufikiri. Kufa kwa adabu hakukubali.

Siku iliyofuata chumba kilijaa. Wifi yake, Kuruthum, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja kutoka Birkat al Mauz na mkungu wa ndizi. Kuruthum anampenda sana, na mapenzi yake hupitia mdomoni.

"Yule bibi wa Samad Ash Shan alianza hivi hivi," alisema. "Akila, akicheka, watu wakisema amepona."

"Akafa?" aliuliza Bi Ghaniya.

"Sijafika huko."

Bi Ghaniya aliweka kikombe chini. "Jamaa zangu, mmenijia na Mungu akulipeni. Sasa nendeni makwenu. Nataka kulala."

Kuruthum aligeuka kumtazama. "Unatufukuza, Ghaniya?"

"Nakufukuzeni, wifi. Pafu lililobaki nalitaka."

Bibi mmoja mzee akajikongoja kuinuka. "Wallahi mwalimu umefanya vyema. Mgongo wangu umekufa tangu alasiri." Wengine wakainuka nyuma yake, wakitafuta viatu kwa haraka ya watoto waliosikia kengele. Kuruthum alitoka wa mwisho, na hakuaga.

Bi Ghaniya alilala. Akala uji, supu, na zile ndizi. Wiki mbili zilipotimia mizani ilikuwa imepanda kidogo, na kidogo kilitosha. Dripu zilikuwa nne. Ya pili ilimwangusha kitandani, na alipokuwa hapo kilichomuuma zaidi ni simu ya Kuruthum, ambayo haikuwa ikilia.

Ikalia.

"Sikuja kukaa," ilisema sauti.

"Uko wapi?"

"Nje. Garini. Si umenifukuza?"

Masika akachungulia. Gari lilikuwa kando ya ukuta wa nje, injini inanguruma kwa ajili ya kipoza hewa, dereva amelala.

"Ingia, wifi."

"Siingii. Na wewe usijibu, pumzi zako ziweke. Nasema mie tu."

Bi Ghaniya akaweka simu juu ya mto. Kuruthum akaeleza habari za migomba, za zamu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, za mchumba wa Nizwa aliyekataliwa kwa ajili ya miguu yake. Bi Ghaniya akasinzia katikati ya miguu. Alipoamka Kuruthum alikuwa bado hewani, anagombana na dereva.

Huu ni mwaka wa nne. Picha ya mwisho ya mapafu ilikuwa safi. Daktari Wiam hakumwambia kwamba amepona, alimwambia arudi baada ya miezi sita, na Bi Ghaniya anamheshimu kwa hilo. Ngazi anazipanda kwa kupumzika katikati. Wageni huja, akichoka husema, nao huondoka.

Kuruthum huingia ndani siku hizi. Wiki iliyopita alikuwa amezama katika kusimulia harusi ya watu wa Nizwa, hata bibi harusi hajatolewa nje.

"Basi, wifi. Nenda sasa."

"Sijamaliza."

"Njoo umalize Alhamisi."

Kuruthum akaokota mkoba wake, akamuuliza Masika kama Alhamisi kutakuwa na mkate wa kumimina.