Sakafu Isiyokanyagwa

Watu walimwita Pimamaji, kwa jina la kile kifaa cha fundi chenye kipovu ndani ya kichupa, kinachoonyesha kama sakafu imelala sawa au imeinama. Mwenyewe alikuwa nacho lakini hakukitegemea sana. Akiingia nyumbani kwa mtu, aliangalia chini kwanza, ndipo akasalimia. Siku ya kwanza kufika ukweni, watu wamekaa wanasubiri ajieleze, akamwambia baba mkwe kwamba sebule yake inateremkia mlangoni. Mama mkwe alimnunia mwaka mzima, kisha akamwita aje ainyooshe.

Alikuwa fundi wa vigae. Mwanafunzi wake katika kazi hiyo alikuwa kaka wa mkewe, ambaye yeye alimwita Shemeji tu, na sisi tumwite hivyo hivyo. Huyu Shemeji alikuwa mtu wa kuhangaika. Kazi mbili alifukuzwa, ya tatu akaikimbia mwenyewe, na ndugu walishachoka kumtafutia. Pimamaji akamchukua bila kuombwa. Akamwonyesha kukoroga saruji isiwe uji wala isiwe udongo, kuvuta uzi, kugonga kigae kwa nyundo ya mpira na kusikiliza kama chini yake kuna uwazi. Shemeji alisahau mengi na kukosea mengi, na mwenzake hakuwahi kumfokea. Kitu kimoja tu hakikuwa na mjadala: sakafu mbichi haikanyagwi. Awe mwenye nyumba, awe mbwa wa mwenye nyumba, wote wangoje nje mpaka ishike. Kuna bwana mmoja mzito mwenye cheo chake aliwahi kusimamishwa kwenye mvua nje ya nyumba yake mwenyewe, Pimamaji ameinua kiganja mbele yake kama askari wa barabarani. Shemeji alikuwepo siku hiyo, na tangu hapo alilishika neno hilo kuliko alivyowahi kushika neno la mtu yeyote.

Sasa, mafundi wa vigae hushinda wamepiga magoti. Ukiinuka ghafla baada ya kuinama kutwa, macho yanaingia giza na ukuta unasogea. Wenyewe hali hiyo waliiita kusalimiwa na sakafu, na walicheka. Pimamaji alisalimiwa kuliko wote. Miaka ilivyokwenda, salamu zikawa nyingi. Mara ashike ukuta, mara ashike bega la mtu, na siku moja akakalia ndoo ya saruji iliyokorogwa, ikabidi suruali ile itupwe. Walicheka mpaka wakalia, yeye akiwa wa kwanza.

Mkewe hakucheka. Alimwambia kaka yake ampeleke kliniki, amshike mkono kama mtoto ikibidi, na asirudi na hadithi.

Kliniki, muuguzi alimlaza Pimamaji kitandani akampima presha, kisha akamsimamisha, akampima tena. Alipoona namba akaita daktari. Presha aliyokuwa nayo amelala ilikuwa ya kawaida kabisa, na alipoinuka ikaporomoka. Daktari, mama mmoja mpole aliyeongea taratibu, alieleza kwamba mtu akisimama damu hushukia miguuni, na mwili unatakiwa kuisukuma irudi juu upesi. Wa Pimamaji ulikuwa unachelewa. Kisha akaongeza jambo ambalo hawakulitarajia. Watu ambao presha yao huanguka hivyo wakisimama wameonekana kupata ugonjwa wa moyo kupiga ovyo ovyo kuliko wengine. Si wote, alisema, na ugonjwa mmoja si lazima ulete mwingine, lakini anataka kuutazama moyo wake kwa mashine. Moyo usiopiga kwa mpango unaweza kuacha damu ituame na kuganda, na bonge la damu likitoka hapo likapanda kichwani, ni balaa. Mashine ilikuwa na foleni, wakapangiwa wiki ijayo. Kwa sasa anywe maji ya kutosha, ainuke polepole. Na akilegea upande mmoja, au mdomo ukienda pembeni, au maneno yakipotea, wasingoje chochote, wamlete saa hiyo hiyo. Shemeji aliyasikia hayo yote kwa masikio yake mawili. Ndiyo yanayomla mpaka leo.

Walitoka pale Pimamaji akitangaza kwa kila waliyekutana naye kwamba ameamriwa kuinuka kama bibi harusi. Ikawa ndiyo burudani ya kazini. Kila akitaka kusimama, Shemeji anampigia vigelegele, naye anaringa: anakaa kwanza, anaweka goti, anashika ukuta, anatoa salamu kwa umati. Kizunguzungu kikapungua. Mara mojamoja tu aliweka kiganja kifuani, akasema kuna kitu humo kinarukaruka, atamwambia daktari siku ikifika.

Siku haijafika, wakapata nyumba yenye sebule ndefu na chumba kimoja mwisho wake. Kwa kawaida fundi wa vigae akijikuta upande wa ndani wa sakafu mbichi hutokea dirishani. Lakini asubuhi hiyo mchomeleaji alikuwa ameshafunga grili madirisha yote. Pimamaji akapanga hivi: yeye abaki chumbani abandike vipande vya chini ya ukuta, na Shemeji abandike sebule, aanzie mlango wa chumba na kurudi nyuma mpaka mlango wa nje. Sakafu ikishika jioni, atatoka. Akaingia na maji yake na chakula chake.

“Leo nimefungwa bila kesi,” alisema, na Shemeji akacheka.

Alikuwa na furaha, huyo Shemeji. Ndiyo mara ya kwanza kuachiwa sebule nzima peke yake. Alifanya kazi kwa ulimi nje kama mtoto anayeandika, na alipobandika kigae cha mwisho pale kizingitini, akarudi nyuma kutazama. Ilikuwa sakafu nzuri kweli. Kule mwisho Pimamaji naye alitokea mlangoni mwa chumba kuikagua. Akainama mpaka chini, jicho moja amefumba, kuona kama kuna kigae kilichochomoza. Hakikuwepo. Akainuka. Akashika fremu ya mlango, akateleza nayo mpaka chini, akakaa.

“Bibi harusi, umeinuka haraka tena,” Shemeji aliita.

Hakujibiwa. Mwenzake aliinua mkono mmoja, wa kushoto, kiganja mbele. Shemeji aliujua mkono ule, au alidhani anaujua: usikanyage. Akamwambia apumzike, itapita, akaenda kuosha vifaa.

Alipomaliza, Pimamaji alikuwa pale pale, kichwa kwenye fremu. Shemeji akamtania. Kimya. Akaita kwa sauti, akasikia mlio tu, si neno. Akainua mguu aingie, na mguu ulipokuwa hewani akaiona sakafu, kila kigae kimelala mahali pake, akaurudisha mguu kizingitini. Wakati huo hakujiona mjinga. Alijiona fundi.

Akakimbia kutafuta mbao za kutandika juu ya vigae. Jirani kulikuwa na ujenzi, lakini mlinzi hakutaka kutoa mbao bila msimamizi, na msimamizi alikuwa ametoka. Shemeji akasihi, akaapa, akapewa saa zimeshakwenda. Akazibeba mbili mbili. Akazilaza moja baada ya nyingine, taratibu, uzito usiangukie ukingo, kama alivyofundishwa. Nani angemfundisha vingine? Alipofika mwisho wa mbao akamkuta mdomo umeenda pembeni na mkono wa kulia umelala sakafuni kama si wake. Macho yalikuwa mazima. Yalimtazama, yakatazama mbao, yakarudi kwake. Shemeji akambeba mgongoni, akapita naye juu ya mbao akilia kwa sauti.

Hospitali walikuta moyo unapiga ovyo, kama yule daktari alivyohofia, na bonge la damu lilikuwa limeshaziba mshipa kichwani. Waliuliza ilianza lini. Shemeji akasema. Waliuliza tena, wakidhani amekosea. Iko dawa ya kuyeyusha bonge, lakini ina muda wake, na muda ulikuwa umepita. Daktari hakumlaumu. Alisema pengine hata angewahi isingesaidia. Shemeji hali wala halali kwa sababu ya neno hilo, “pengine.”

Pimamaji hakumaliza juma. Kilichowavunja moyo zaidi wote wawili, mke na kaka mtu, ni kwamba alikufa bila kusema lolote, mtu ambaye hata usingizini alikuwa akibishana.

Mwenye nyumba alikuja msibani. Alikuwa muungwana, akakaa na Shemeji, na katika kutafuta la kumfariji akamwambia sakafu imetoka vizuri mno, hakuna hata kigae kimoja kilichosogea. Shemeji alishukuru, akaenda nyuma ya nyumba.

Wageni walipopungua, dada yake alimkalisha, akamtaka asimulie yote bila kumficha. Akasimulia. Grili, mkono ulioinuliwa, mlinzi, mbao. Mjane alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakupandisha sauti. Alikuwa ameolewa na fundi kwa muda mrefu, kazi ile aliijua.

“Kaka,” alisema, “kigae si kinang’olewa tu, kikabandikwa kingine?”

“Ndiyo,” Shemeji alisema.

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na aliendelea kumtazama akingoja, kana kwamba baada ya hiyo “ndiyo” lazima kuna maelezo mengine. Shemeji alitafuta. Hayakuwepo. Kinang’olewa, kinabandikwa kingine, na sebule nzima ile wangeirudia wawili wao kwa siku moja.