Mwajiri Wangu Alijifanya Fukara, Sasa Natakiwa Kuondoka Nchini

Wasomaji, mwenye kisa hiki yuko Ujiji. Jina lake tunalo, ila tumemwahidi kulificha. Msomeni kwa utulivu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, fundi wa maboti. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, nikavuka na mke wangu wakati wa vita. Yeye amezikwa hapa mtaani Rusimbi, karibu na chumba ninachopanga. Watoto hatukujaliwa, na ndugu zangu wa ng'ambo sijui hata mmoja alipo.

Niliyebaki naye ni mwajiri wangu, nitamwita Mzee tu. Ndiye aliyetoa sanda ya mke wangu. Kila jioni tulikula ugali na dagaa sahani moja, na huniita mwanangu.

Shida ilianza nilipoomba kibali cha kazi. Ofisa wa uhamiaji, kijana mpole aliyehamishiwa huku kutoka Iringa, aliniambia, "Ufundi wako hauna ubishi, kaka. Lakini mwajiri lazima athibitishe ana uwezo wa kukulipa mshahara aliotaja, tangu siku mlipoleta ombi."

"Ananilipa kila mwezi, bwana."

"Anakulipa mkononi, ndani ya nyumba, na hakuna aliyeona. Nitakuja kuangalia mwenyewe."

Mnajua hali ya siku hizi. Ukiwa na maboti mawili tu, kwenye mkutano wa tawi la chama unaitwa mnyonyaji, kwa hiyo Mzee amezoea kujificha. Nilimweleza mpaka mate yakanikauka: "Mzee, huyu haji kutaifisha. Safari hii onyesha kila kitu." Akajibu, "Nimesikia, mwanangu. Ondoa shaka."

Siku ya ofisa kuja nilikuta uwanja wa Mzee mtupu! Mbao za mvule zimehamishiwa kwa mpwa wake kijijini Kidahwe, maboti hayaonekani, karabai zote za kuvulia dagaa ziko chini ya kitanda. Mzee amekaa kwenye kigoda na kanzu iliyochanika begani, anatafuna muhogo mbichi. Alipoulizwa habari za biashara akasema, "Baba, mimi masikini wa Mungu. Hata huyu fundi namlisha kwa huruma tu."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Ombi limekataliwa kwa kuwa mwajiri hana uwezo, nami natakiwa kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Nilipomuuliza Mzee, alilia. "Niliposikia gari la serikali linakuja, nikaanza kuficha kila kitu. Wakininyang'anya katika uzee huu, nitaanzia wapi?" Tangu hapo haniangalii usoni. Chakula changu ananiletea mjukuu wake, nakula peke yangu chumbani.

Ofisa ameniita faragha. "Najua kuna kitu unaficha. Nipeleke ziliko mali za mzee, nitalifungua upya ombi lako."

Njia ya Kidahwe naijua. Nikimpeleka, nitabaki Ujiji, lakini Mzee ataaibishwa mbele ya watu kwa kuidanganya serikali, na sidhani atanisamehe. Nikinyamaza, navuka kwenda mahali pasipo na wa kunipokea, na kaburi la mke wangu halitakuwa na wa kulipalilia.

Ndugu zangu, nifanye lipi? Nishaurini upesi, maana mtu niliyekuwa nikimwendea kwa kila shauri ni huyohuyo Mzee.