Ndovu wa Fedha, Jumapili ya Mavuno

Mgeni alivaa glavu nyeupe kabla ya kufungua kisanduku chake, nikadhani amebeba sumu. Mimi hukaa mapokezi katika hoteli moja ya watalii hapa Voi, na kustaajabia mali za wageni ni sehemu ya kazi.

Ndani mlikuwa na sarafu ya fedha yenye picha ya ndovu, masikio yametandazwa, kila kunyanzi la ngozi limechongwa. Akanieleza kwamba imetengenezwa na nchi ya mbali isiyo na ndovu hata mmoja, kwa ajili ya watu wanaonunua sarafu ili wazifungie kabatini. Dukani haitumiki. Kuishika kwa vidole ni mwiko. Na ina cheti, eti cha kuthibitisha kwamba ni halisi. Ndovu wa kijijini kwetu Rukanga hawatembei na vyeti. Unawajua ua la shamba likianguka.

Wiki hiyo hiyo walikuwa wamepitia shamba la mama yangu. Mahindi yalikuwa yamekauka, yanangoja kuvunwa tu, wakamaliza yote. Nilimsimulia mgeni kwa tabasamu la kazini. Machozi yakamlengalenga. Akasema mama ana bahati kuishi karibu na viumbe wazuri hivyo, akanipa sarafu ile nimpelekee imfariji. Nilimshukuru sana. Moyoni nilichemka kwa hasira.

Kilichomuuma mama hakikuwa njaa pekee. Jumapili ya mavuno ilikuwa imewadia, siku ambayo kila mwanamke kanisani kwetu hupeleka madhabahuni zao la shamba lake, kisha linanadiwa. Tangu aolewe hajawahi kwenda mikono mitupu. Aliona aibu mpaka akasema atajifanya mgonjwa. Nilipompa kisanduku nilitarajia akitupe, lakini alikitazama weee, akakifunga ndani ya leso.

Jumapili nikamwona amepanga foleni nyuma ya maboga na kuku. Akakiweka mezani. Mzee wa kanisa anayenadi akakifungua, akakuna kichwa.

"Mama, hii nayo ni mavuno ya nini?"

"Ya shamba langu. Mahindi yote iko kwa tumbo ya huyo."

Kanisa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipoona midomo ya mama ikitetemeka. Mzee naye aliiona, akamsogezea kisanduku taratibu.

"Basi mama, si lazima. Rudi naye tu nyumbani."

"Hapana, mzee. Mimi nimemlisha msimu mzima. Sasa mlisheni nyinyi."