Kimya cha Baba Mkubwa

Kompyuta ya mezani ya nyumbani kwetu Kamalondo haikuwa imeharibika, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Iliwaka vizuri, ilifungua habari, hata misa ya mbali ilionekana bila kukwama. Programu ya barua pepe peke yake ndiyo iliyonyamaza. Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka, na wala haikulalamika.

Mdogo wangu alikuwa amechumbiwa, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Mitwaba kuleta mahari, au dot kama tunavyoiita. Kwetu mahari haipokelewi mpaka kaka mkubwa wa baba akubali. Huyo baba mkubwa anaishi Ubelgiji, hasikii tena, simu kwake ni pambo. Tunaongea naye kwa barua pepe tu. Bila neno lake, wakwe wangerudi na mizigo yao.

Baba alikuwa ananitajia maneno, mimi naandika. Tulituma ya kwanza, tukangoja. Kimya. Tukaandika ya pili, yenye heshima zaidi. Kimya tena.

"Yaya yangu anakasirika," baba akasema, yaani huyo kaka yake. "Juu ya nini? Nilimufanya nini?"

Hakuna aliyejua. Alhamisi baba akasimama nyuma ya kiti changu. "Andika: Yaya, kama unakataa mutoto wangu, mi nitapokea dot bila weye. Usiniite tena ndugu." Nilijaribu kumtuliza, akaniambia niandike. Nikaandika, nikabonyeza kutuma, huku mdogo wangu analia jikoni.

Ijumaa nikaanza kuishuku mashine. Nilizima modemu, nikaiwasha. Nilibadilisha neno la siri. Nilipekua barua taka, nikakuta matangazo ya zamani tu. Naapa sikuelewa kitu: intaneti ipo, programu ipo, barua hazipo! Nilikuwa naongea peke yangu na kupiga meza. Kisha nikafungua Boîte d'envoi, kisanduku cha barua zinazongoja kutoka, nikakuta barua ya pili na ya tatu zimekaa humo, hazijatoka hata mlangoni.

Nikapita menyu moja baada ya nyingine. Kwenye mojawapo kulikuwa na alama ya vema mbele ya maneno haya: Travailler hors connexion, yaani fanya kazi nje ya mtandao.

"Papa, nani aligusa hapa?"

"Ni mi," akajibu bila wasiwasi wowote. "Tulipotuma ya kwanza, nikaweka ile, juu mega zisikwishe. Si inasema travailler? Ni kusema iko inatumika, lakini haikule mega."

Kwetu kutumika ni kufanya kazi, na mega ni data ya intaneti. Baba, ambaye kwenye simu hukata data kila akimaliza kusoma ujumbe, alidhani amepata mashine inayofanya kazi bure. Nilitaka kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Nikaondoa ile alama.

Barua za baba mkubwa zikaingia kwa mkupuo. Ya kwanza ilikuwa ya siku nyingi: amekubali, tumpokee mkwe, anambariki mtoto wake. Katika nyingine aliuliza mbona tuko kimya, kama ametukosea tumwambie. Mdogo wangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia. Mimi nilikuwa nimechoka, nikacheka tu.

Baba hakucheka. Alikuwa ameinama mbele ya kioo, anaangalia Boîte d'envoi, ambayo sasa ilikuwa tupu.

"Na ile ya tatu," akaniuliza polepole, "nayo ilienda?"