Nilivyotangaza kwamba Gwakisa Amechuja

Mwanangu, jana nimewasikia pale kwenye kibanda cha chipsi mnabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka: yule bondia wenu bado yumo, au amechuja? Nikacheka peke yangu. Sogea hapa nikwambie, maana ubishi wa namna hiyo niliwahi kuuanzisha mimi, na nusura nimharibie mtu maisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kazi yangu kuchuma chai, na mdomo wangu haukuwa na breki. Bondia wetu aliitwa Gwakisa, mtu wa Lupepo, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa amebakiza pambano moja tu la kuagia ngumi, la mkanda wa wilaya, hapo Tukuyu uwanjani, dhidi ya kijana mmoja wa Kiwira mwenye mabega mapana kama mlango.

Sasa mimi kila asubuhi nikiwa shambani nilimwona Gwakisa ng'ambo ya bonde akipandisha kilima mbio. Anakimbia kidogo, anachuchumaa. Anainuka, anakimbia, anachuchumaa tena. Siku moja nilihesabu mara saba kabla hajafika juu. Basi, nikajiona daktari! Nilipofika kituo cha kupimia majani, watu wamejaa na vikapu vyao mgongoni, nikatangaza: "Jamani, Gwakisa kwisha habari yake. Kilima tu kinamshinda, njia nzima anakaa chini. Tumtoe, tumweke Lugano."

Lugano alikuwa bondia kijana, rika langu. Hadi jioni maneno yale yalikuwa yamefika hadi kijiji cha Masoko, na kamati ya michezo ikaitisha kikao: Ijumaa itaamua nani apande ulingoni. Gwakisa hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba wanawe hawajawahi kumwona akipigana, na alitamani wamwone hata mara moja. Niliposikia hivyo roho iliniuma kidogo, lakini nikakaza shingo. Ndio ujana huo.

Nikaenda kumsimulia bibi yangu, mama yake baba, huku najisifu. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Mara saba?"

"Saba, bibi. Nimehesabu mwenyewe."

"Mojawapo alikuwa ananiamkia mimi."

"Kukuamkia wewe? Kule kilimani?"

"Asubuhi wazee tunashuka mtoni kwa njia hiyo hiyo, pembeni kwenye kivuli cha migomba, ndiyo maana hukutuona," akasema. "Yule hawezi kumpita mzee huku amesimama. Anachuchumaa, anasema 'mugonile', anangoja nimwitikie. Wewe siku hizi unanisalimia huku unatembea, utajuaje mtu anayeamkia wakubwa anavyoonekana? Kesho utakimbia naye."

Weee, mwanangu, kilima kile! Gwakisa alinipokea vizuri, hata lawama hakunipa. Kona ya kwanza tu pumzi zikaniishia. Tukakutana na mzee mmoja wa kanisani, tukachuchumaa, na mimi nikamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za migomba, ilimradi tu nisisimame. Tukaendelea, na ikafika mahali nikawa naomba Mungu atuletee wazee wengine! Gwakisa aligundua, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Leo wazee wachache, mdogo wangu," akasema. "Jikaze."

Ijumaa nikasimama mbele ya kikao, mapaja yakiniuma kweli kweli. Nikasema, "Niliwaambia jambo nisilolijua. Huyu mtu hajachoka, alikuwa anaamkia wazee. Aliyechoka ni mimi, mniangalie ninavyosimama." Watu waliangua kicheko, na Lugano mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga makofi. Gwakisa akarudishiwa pambano lake.

Na alishinda! Kwa pointi, jicho moja limevimba limefumba kabisa, lakini alishinda. Wanawe walipanda ulingoni wakamng'ang'ania miguu, akashindwa hata kutembea. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nilishangilia mpaka sauti ikanipotea siku tatu. Sijawahi kufurahi vile kwa kushindwa ubishi.

Basi nisikilize, mwanangu. Unapotaka kusema mwenzako amekwisha, msogelee kwanza, umuulize, ikibidi ufanye naye kazi yake hata siku moja. Ukiona ulikosea, usiende kuomba radhi uchochoroni; rudi mbele ya watu wale wale uliowaambia, useme umekosea. Watakucheka, waache wacheke. Mimi walinicheka, na Gwakisa huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa mshenga wangu nilipooa.

Mungu akutunze, akuongezee umri. Na siku nguvu zako zitakapoanza kupungua, akujalie watu watakaokuuliza kabla hawajakusema.