Nyati wa Mia Tano Mwenye Mikato Sikioni

Nilitoka mtaani kwetu Kikuyu asubuhi nikiwa nimepakata vigae vinne vya udongo ndani ya kitenge. Mimi ni mfinyanzi wa vyungu, lakini safari hii nilikuwa nimefinyanga wanyama wa kwenye sarafu zetu: kifaru na ndama wake, swala, simba na nyati, kila mmoja mkubwa kama sahani. Nilimpelekea Nyemo, binti wa kaka yangu wa Chemba. Homa ilimpofusha, akapelekwa shule ya bweni Buigiri, na tangu afike hakutaka kugusa kitu wala kuongea.

"Dada, kamwone," kaka aliniambia kwa simu. "Kama bado yuko vile, namrudisha nyumbani."

Nyumbani kuna ng'ombe, lakini hakuna wa kumfundisha kusoma kwa vidole. Roho iliniuma.

Basi lilipofika Ihumwa, jirani yangu kwenye kiti alichungulia kitenge. "Mama, hayo matofali?"

"Hela," nikamjibu. Akaukumbatia mkoba wake mpaka tulipoachana.

Buigiri nilipokelewa na mwalimu wa bweni, mama mcheshi. Nyemo alikuwa barazani, mikono kaibana kwapani.

"Shikamoo shangazi," akasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea hela."

Kwa heshima tu alinyoosha mkono. Nikampa sarafu ya hamsini yenye pembepembe, kisha kigae cha kifaru. Kimya. Swala, kimya. Simba, kimya, nami nikaanza kutunga maneno ya kumwambia kaka. Nikampa nyati wa mia tano. Vidole vikapanda pembe, vikashuka sikioni, vikasimama. Vikarudi tena palepale.

"Huyu ng'ombe wa baba."

"Ni nyati, Nyemo."

"Mbona ana mikato miwili ya kwetu?"

Nikainama kutazama. Lo! Kwetu kila ndama hukatwa sikio, akipotea ajulikane ni wa nani. Nilipokuwa msichana, kazi yangu ilikuwa kushika kichwa baba akikata. Sasa mkono wangu umemtia nyati alama ya ukoo bila kuniuliza! Nilitamani ardhi inimeze.

Nyemo akacheka. Akacheka hasa, mpaka mwalimu akatoka ndani kuuliza kuna nini.

"Shangazi ameiba nyati wa serikali!"

Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Alipotulia nilimpa sarafu yenyewe ya mia tano, akaipapasa kwa ukucha. "Huyu wa kwenye hela naye kakatwa?"

"Hapana. Yule hana mwenyewe."

"Basi ni wa kila mtu," akasema. "Nipe tena simba, sikumwangalia vizuri."

Jioni, nikiwa njiani kurudi, nilimpigia kaka. "Nyemo anasema una nyati aliyepotea zizini."

"Nani anasema?"

"Nyemo. Kwa mdomo wake."

Nikamsikia akimwita mkewe kwa sauti, kisha akashusha pumzi ndefu. "Mwache asome," akasema.

Kikuyu niliingia mikono mitupu na moyo mwepesi. Mwalimu nimemwahidi nyati mwingine, mwenye masikio mazima kama wa kwenye sarafu. Yule wa mikato Nyemo amekataa kumtoa, analala naye kitandani, kando ya mto. Nilidhani nampelekea mtoto picha za hela. Kumbe mkono wangu ulikuwa umempelekea kwao.