Siku Arubaini za Muharraq

Kila Jumatano, katika soko la wanawake la Ibra, hununui vileja vya Bi Ghaniya bila ya kusomeshwa Bahrain. Unanyoosha mkono tu kuchukua pakiti yako, naye keshaanza: visiwa thelathini na kitu, ukivikusanya vyote havifiki wilaya moja ya huku kwetu Sharqiya, maji matamu yakibubujika chini ya bahari ya chumvi, watu wakiyateka kwa viriba, Waarabu wa Sunni na wa Shia, Waajemi, Wahindi, wote wanapigana vikumbo katika kichochoro kimoja. Wenzake wamembandika jina la Bibi Bahrain, naye hakasiriki hata kidogo.

Alifika kisiwani Muharraq bi harusi mchanga, alipokimbia Zanzibar na mumewe mwaka sitini na nne. Alikaa miaka sita, akamzaa huko mwanawe wa kwanza. Mwaka wa sabini, Oman ilipowafungulia mlango watu wake, wakafunga virago kwa pupa wakaja Ibra, mji wa babu zao ambao hawajapata kuuona. Hapo ndipo alipozaa wengine, kitinda mimba akiwa Shurooq.

Huyo Shurooq ndiye donge la roho yake. Miaka kumi na moja alimuuguza baba yake aliyepooza, wachumba wakachoka kungoja, na siku mzee alipozikwa binti alikuwa keshapita arubaini. Anafanya kazi ofisini kwa wali, mkuu wa wilaya, mpole, Kiswahili chake cha kombokombo, hana neno na mtu. Basi alipotokea Khalifa, injinia wa maji mwenye miaka hamsini na nane, aliyefiwa na mkewe, Bi Ghaniya aliuliza suali moja tu.

"Kwao wapi?"

"Bahrain, mama," Shurooq alijibu.

Kidogo apige vigelegele. Yaarub, mwanawe wa kwanza anayekaa Nizwa, alitaka wampeleleze kwanza. Mama akamkata kauli. "Mbahraini apelelezwe nini? Mimi nawajua wale. Yallah, mwite!"

Akaitwa, Alkhamisi baada ya Alasiri. Yaarub alikuja kutoka Nizwa na sahani ya halwa. Khalifa akaketi kwa adabu zake, na kwa kuwa hajui Kiswahili, mazungumzo yakawa kwa Kiarabu. Bi Ghaniya, shela limemfika kwenye nyusi, akamfanyia mtihani.

"Mimi niliwaacha na sheikh. Siku hizi anatawala nani?"

"Ni ufalme, mama, tangu elfu mbili na mbili. Na mabaraza mawili. Moja watu arubaini wanachaguliwa kwa kura, na jingine arubaini wanateuliwa na mfalme."

"Kura!" Akamgeukia Yaarub, macho yamemtoka. "Na kwenda Saudia? Bado kwa mashua?"

"Kwa gari, mama. Pana daraja juu ya bahari."

"La ilaha illa llah! Na pwani ya Muharraq ikoje?"

Khalifa akacheka. "Hiyo haipo. Nilizaliwa katika nyumba yenye mlango unaofungukia baharini. Sasa bahari yenyewe imefukiwa. Ukitoka mlangoni unakanyaga barabara, na mbele yake maduka. Kisiwa kimekua."

"Wamefukia bahari?" Moyo ulimuuma kweli. Akaiona ile pwani, akaiona nyumba ya jirani iliyopakana ukuta na yake. "Mlango wa buluu?"

"Wa buluu. Umejuaje?"

"Mama yako nani?"

"Kaltham. Alikufa nina miaka minne, simkumbuki."

Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagika juu ya zulia. Bi Ghaniya akainuka kama anakwenda kuchukua kitambaa. Jikoni akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Ramadhani ya sitini na saba. Kaltham kajifungua, homa ya uzazi imemshika, maziwa yamekauka. Kitoto kikilia upande wa pili wa ukuta mpaka sauti ikikauka. Na yeye Ghaniya ana Yaarub wa miezi miwili na kifua kimejaa. Alimchukua. Titi la kulia la Yaarub, la kushoto la yule mgeni, siku arubaini. Desturi ni kutangaza, kila mtu ajue, kwani mtoto uliyemnyonyesha ni wako, na wote uliowazaa na utakaowazaa ni ndugu zake. Hawaoani mpaka Kiyama. Lakini Kaltham alilia: mama mkwe akijua hana maziwa atamletea mke mwenza. "Nisitiri, Ghaniya." Akamsitiri. Hata mumewe hakumwambia. Na Makhalifa huko Bahrain hawana hesabu, jina halikumshitua.

Kaltham kafa. Amebaki yeye peke yake anayejua, yeye na Mola wake.

Shurooq alikuwa mbele ya kioo cha ukumbini, kavaa shela jipya la kijani. Akageuka, uso umemng'aa kama wa msichana wa miaka ishirini.

"Mama, hii inanipendeza?"

Angenyamaza! Wallahi, kwa sekunde ile Bi Ghaniya alitaka kunyamaza. Nani angejua? Ulimi ulishajikunja. Kisha akamtazama mwanawe na akaogopa, akaogopa mpaka mifupa, akamkamata mikono akamwambia yote.

"Mama, maneno gani hii unasema?" Shurooq alinong'ona. Hakulia. Alikaa juu ya sakafu.

Bi Ghaniya akarudi barazani. Akasimama mbele ya Khalifa, na badala ya kulishusha shela akalivua kichwani, mvi zote nje. Yaarub akaruka. "Mama! Mbele ya mtu baki?"

"Si mtu baki. Nimemnyonyesha siku arubaini, pamoja na wewe."

Yaarub, kalamu yake ya kuandikia siku ya nikaha imo mkononi, akabaki ameikodolea macho. Khalifa, rangi imemtoka, akainuka akabusu kichwa cheupe cha Bi Ghaniya. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Alikuwa akifananaje?" aliuliza. "Sina hata picha yake."

"Mrefu. Na akicheka akiziba mdomo, kama wewe sasa hivi."

Mlango ukafunguka. Shurooq akaingia na sinia ya kahawa mpya, kichwa wazi, nywele zake ndefu zimemwagika mabegani. Khalifa akainamisha macho haraka, kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hakuna haja.

Shurooq akammiminia kikombe.

"Kunywa, kaka," alisema, "itapoa."